Kadi ya Mudavattukal

Vumbi la pamba lilipomharibia kifua, Poongodi aliacha kazi kwenye kiwanda cha nyuzi katika mji wa Kihindi wa Rasipuram. Tangu hapo alifanya vibarua vya mtandaoni, kazi ndogondogo za dakika moja moja, kama kuhesabu paka pichani, ambazo wenyewe wako ng'ambo, na maelfu ya watu wasiojuana wanazigawana.

"Leo umewahesabia paka wangapi?" mama mkwe wake, Ponnayi, alimuuliza huku akimenya vitunguu.

"Leo si paka, mama. Ni majani makavu. Makumbusho fulani yana mimea iliyochumwa zamani, nasi tunawasomea mwandiko wa kadi zake."

"Wao wenyewe hawana macho?"

Poongodi alicheka, akafungua kadi nyingine. Mkono ukamsimama. *Milima ya Kolli, 1911.* Milima hiyo aliiona kila asubuhi akianika nguo. Chini yake, kwa wino uliofifia, palikuwa na jina ambalo wenyeji huuita mmea huo. Akaliandika bila kusita: mudavattukal.

Kesho yake akakuta alama nyekundu ya kosa. Kadi ile ilikuwa imepewa watu watano. Wanne waliandika "madavallakal", na pale walio wengi ndio huhesabiwa wamepatia. Kosa moja zaidi, angefungiwa kadi za makumbusho.

Hasira ilimpita upesi, ukabaki udadisi. Hao wanne ni akina nani? Akauliza kwenye ukumbi wa mtandaoni wa vibarua wenzake. Jioni akajibiwa na mwanamume wa Ufilipino, Rogelio: "Mmoja wao ni mimi, dada. Nilibahatisha tu. Kwani hicho ni kitu gani?"

Poongodi akamgeuzia mama mkwe kompyuta, yenye picha ya mmea ule mkavu. "Mama, hiki unakijua?"

Ponnayi, mzaliwa wa milimani, akakodoa macho. "Si mudavattukal hiyo! Mbona wameikausha ikawa kama popo? Yafaa supu ya kutuliza magoti, wao wameigandisha karatasini!"

Asubuhi wakaenda sokoni kwa wanawake wanaoteremka na mizigo kutoka Kolli. Ponnayi akachagua shina moja nene, lenye manyoya kama mguu wa mbuzi, akalishika kifuani, mkwewe akampiga picha.

"Usinikate kichwa!"

Poongodi aliituma picha hiyo pamoja na malalamiko yake. Siku tisa kimya. Ya kumi alama nyekundu ikafutwa, na chini yake pakawa na ujumbe kutoka kwa mtunza mimea wa makumbusho: Je, jina hilo hutamkwaje? Watu hulitumiaje?

Akausoma mara tatu. Miaka mitatu alikuwa akiwajibu watu wale wa ng'ambo, na hakuna aliyewahi kumuuliza jambo analolijua yeye.

"Wanataka sauti yako, mama. Sema hapa."

Ponnayi akajitengeneza sari kana kwamba ataonekana. "Kwanza waulize, ni nani kwao anayeumwa magoti?"

"Mama, sema jina tu!"

Akalisema, kisha akaendelea: namna ya kukwangua manyoya, pilipili manga kiasi gani, ichemke muda gani. Poongodi akayarekodi yote.

Wiki iliyofuata akaletewa kadi zote za Kolli, mia mbili na kumi na mbili. Ponnayi akavuta kiti karibu. "Haya, fungua," alisema. "Tuone walibeba nini kingine kutoka milimani kwetu."