Kigaga Nilichokibandua Mwenyewe

Siku niliyokibandua kigaga naikumbuka vizuri, mwanangu, maana kioo hunikumbusha kila asubuhi. Nilikuwa msichana wa kijiji cha Kibugu, mchuma chai, na ngozi yangu ya ualbino ilikuwa imeungua juani tangu utotoni. Daktari alinikata saratani shavuni, karibu na pua, akanishona vizuri. Nyuzi zilipotolewa akaniambia, "Usiguse kigaga. Kitaanguka chenyewe."

Lakini Jumamosi hiyo wazazi wa Ireri, kijana aliyetaka kunioa, walikuwa wanakuja kwetu. Nilitaka shavu safi. Basi Jumatatu nikachukua maji moto ya chumvi, nikakibandua kwa kucha. Wahenga walisema subira huvuta heri. Mimi nikavuta kigaga! Kufikia Ijumaa shavu limevimba, usaha unatoka, nami nalia kwamba nimeachwa kabla sijaolewa.

Shangazi aliyenilea, mama mkali kweli, hakunibembeleza.

"Chai tukiipogoa, inakaa tupu miezi mingapi?"

"Kama mitatu, shangazi."

"Umewahi kuniona nikiivuta majani kwa vidole yatoke haraka?"

Akanirudisha hospitali siku ile ile. Jumamosi nikawapokea wageni nikiwa na bandeji nusu ya uso, aibu imenijaa. Mama yake Ireri akauliza kulikoni, nikamwambia ukweli wote, hata habari ya kucha. Akacheka. "Huyu hatatuficha kitu," akamwambia mumewe. Mazungumzo ya posa yakaendelea.

Kidonda kilichukua miezi kufunga. Kovu lingekuwa jembamba; sasa lina upana wa kidole, na upana huo ni kazi ya mkono wangu, si ya daktari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliharibika shavu.

Wewe nawe umekatwa saratani usoni juzi tu, na nimekuona ukipapasa hiyo plasta. Toa mkono, mwanangu. Kigaga kiache. Kofia pana uvae hata kukiwa na mawingu, na kipele kipya kikitokea, hata kidogo kama punje ya mtama, rudi kwa daktari. Kovu litabaki, nalo si aibu. Mimi nimezeeka nalo nikipendwa.

Mungu akifunge kidonda chako taratibu, na atakayekupenda akutazame usoni mchana kweupe, asigeuze macho.