Bastola ya Mzee Sokolik

Bernadine Sokolik na kaka yake Regis hawakuiva chungu kimoja tangu siku walipomzika baba yao, na wapo wanaosema hawakuwahi kuiva hata mzee akiwa hai. Makosa ya Regis yalikuwa mengi, lakini dada yake alilishika moja. Wiki mbili baada ya mazishi, Regis aliichukua bastola ya mzee, ile ya silinda ya vyumba sita ambayo Stefan Sokolik alilengea shabaha miaka thelathini katika klabu ya Mill Hollow, akamuuzia mpita njia. Hakumwuliza mtu. Alipoulizwa alisema chuma ni chuma.

Bernadine aliitafuta miaka tisa. Hakuna onyesho la silaha kuukuu magharibi mwa Pennsylvania ambalo hakwenda, akiinama meza baada ya meza kusoma namba za chini ya mpini kwa miwani yake ya kusomea. Oktoba iliyopita akaipata, imetupwa kwenye boksi pamoja na visu butu. Kutu ilikuwa imekula ubavu mmoja, na silinda inatikisika kama jino la mtoto. Muuzaji akamwambia hiyo, mama, ni ya kutundika ukutani tu. Bernadine akamjibu kwamba akitaka kitu cha kutundika ukutani atamtundika yeye.

Usimwonee muuzaji huruma; yeye alipata dogo tu. Mwanamke yule alikuwa amenoa vyuma kiwandani miaka thelathini na moja, na akaachana na mume mwema kwa sababu tu, alivyosema mwenyewe, hakujua kurudisha spana mahali pake. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Ulimi wake ulikuwa wa msumeno.

Majira yote ya baridi alishinda kwenye chumba cha chini ya nyumba. Kutu aliitoa kwa mafuta na sufi ya chuma laini, pole pole, bila kugusa rangi nyeusi ya kiwandani iliyosalia. Bamba la ubavuni hakuling'oa kwa bisibisi kama wafanyavyo washamba. Alitoa skrubu, akaigonga bastola kwa mpini wa nyundo ya mbao hadi bamba likainuka lenyewe. Silinda aliipachikia pete nyembamba za chuma ikaacha kutikisika. Kila chumba kikawa kinasimama sawasawa mbele ya mtutu, na vipande vya kifyatulio akavisugua kwa jiwe la kunolea hadi vikateleza.

Kisha akafika kwenye skrubu ya mpinini. Ndani ya mpini kuna springi bapa inayoisukuma nyundo, kile chuma kinachopiga kitako cha risasi, na skrubu hiyo ndogo ndiyo inayoikaza springi. Bernadine aliipima, akaona ni fupi kuliko inavyotakiwa. Nchani kulikuwa na alama za tupa, zimelala upande wa kushoto, maana mzee alikuwa mtu wa mashoto. Aliikata mwenyewe ili nyundo iwe nyepesi kwa kidole gumba. Bernadine alikuwa nayo nyingine mpya, ya urefu kamili. Akaijaribu, nyundo ikawa nzito. Akairudisha ya baba, nyundo ikarudi nyuma bila ubishi wowote. Alipiga risasi ishirini za dukani, zile zenye fataki laini, kile kidonge cha kitakoni kinachowaka hata kikigongwa kidogo, na zote zikalia. Basi akaiacha ya baba.

Habari zikamfikia Regis, na zingeachaje, katika mji ambao watu hujua umepika nini kabla hujaonja. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya klabu, na ndiye aliyejaza risasi za klabu nzima kwa mkono wake. Nafasi ya nne ya timu ilikuwa wazi tangu macho ya mwenzao mmoja yaingiwe na mtoto wa jicho. Wakakutana kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa ya Kwaresima, katika ukumbi wa zimamoto, kila mtu na sahani yake ya samaki na kabichi iliyochanganywa na tambi.

"Nasikia umefukua maiti," Regis akasema.

"Maiti huyo atakuzika wewe."

Regis akatafuna, akameza. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama anataka kuipiga kweli, basi abadilishe skrubu ya mpinini.

"Mkono wa baba ndio uliigusa hiyo skrubu," Bernadine akamwambia, na meza nzima ikasikia. "Wako uliigusa bastola siku ya kuiuza tu."

Hapo Regis akaweka uma chini. "Haya. Kesho asubuhi lete hicho chuma chako. Ukifikisha mia mbili na sabini kati ya mia tatu, nafasi ya nne ni yako. Usipofikisha, usinitajie tena bastola ya baba mpaka nife."

Bernadine akamwambia asife mapema, angojee aone. Alirudi nyumbani na hasira yake. Alichokitaka si timu. Alitaka kusimama pale aliposimama baba yake, na Regis alazimike kuliandika jina lake kwenye timu kwa kalamu yake mwenyewe.

Jumamosi, kwenye uwanja wa klabu, msimamizi wa mstari wa kulengea alikuwa Harold Yingling, mzee mpole asiyependa ugomvi hata wa paka. Alipima uzito wa kifyatulio, akaitikia kwa kichwa kwamba ni halali. Risasi zilikuwa za klabu, za mkono wa Regis, na kumi za taratibu zikampa Bernadine tisini na tano. Watu wakaanza kusogea. Katika zile kumi zinazopigwa tano tano kwa sekunde ishirini, moja iligoma: nyundo ililala, risasi ikakaa kimya. Akainua mkono kama sheria inavyotaka, Harold akaja akathibitisha, na kwa kuwa kosa moja la bastola husamehewa, akarudia. Akapata tisini na mbili. Zilibaki kumi za haraka, na alihitaji themanini na tatu tu.

Kati ya hizo kumi, mbili ziligoma. Msamaha alikwisha kuutumia. Hata kama zile nane zingeingia zote katikati, zingempa themanini tu.

Bernadine akaiweka bastola mezani, mtutu kuelekea shabaha, akageuka na uso mwekundu. "Ni risasi zako, Regis. Baba alisema. Siku zote alisema mkono wako mbovu, hujui kukaza fataki."

Regis akaja bila haraka, akazitoa zile mbili, akazishika mwangani wote wazione. Kwenye kitako cha kila moja kulikuwa na alama ndogo tu, kama ya ukucha; nyundo haikugonga kwa nguvu. Akazitia kwenye bastola yake mwenyewe, akamwomba Harold ruhusa, akazipiga. Zote mbili zikalia.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja aliponipa kazi ya kumjazia risasi," akasema. Hakupaza sauti. "Kila iliyogoma alinizaba kofi, hapa hapa, mbele ya wanaume wote. Nikiwa na kumi na tatu nikaifungua bastola yake, nikaiona ile skrubu."

"Ungemwambia."

"Nilimwambia. Ndiyo siku aliyonipasua sikio. Na wewe ulikuwa umekaa pale kwenye benchi unakula donati, Bernadine. Ulicheka."

Wakati huo Bernadine alikuwa na miaka saba. Aliikumbuka donati. Akaiinamia bastola pale mezani, akaigusa ile skrubu ya mpinini kwa kidole.

"Niliona ni fupi," Bernadine akasema. "Niliipima. Nilikuwa na mpya mkononi, nikairudisha yake."

"Najua. Wewe ni mtoto wake."

Regis akachukua kalamu, akalikata kwa mstari jina la dada yake kwenye orodha ya siku hiyo, akamwita mlengaji anayefuata.