Macho Mekundu ya Mama Shigela

Mwaka huu Mama Shigela alitaka jambo moja tu, wala halikuwa kubwa: kumpakata mjukuu wake. Mjukuu wa kwanza, wa kike, mtoto wa Shigela na mkewe Queen, na Shigela mwenyewe ndiye mtoto wake wa pekee. Habari kwamba mimba ni ya mtoto wa kike zilipomfikia, mama huyu alicheka mpaka akakaa chini. "Mke mwenzangu anakuja!" akawatangazia wenzake pale Igogo wanapobanika samaki. "Kuanzia leo mnisalimie kwa adabu, jamani!"

Jina lake ni Evelina, lakini ukimuulizia Evelina pale kwenye majiko, watu watakushangaa. Ameukalia moshi ule tangu mumewe afariki, Shigela akiwa bado ananyonya. Samaki waliokauka mikononi mwake ndio waliomvalisha kijana sare, wakampeleka chuo, hadi leo ni mwalimu mwenye nyumba yake Kiseke. Moshi nao ulichukua chake. Macho ya mama yalikuwa mekundu, yanawasha, yanachoma kama yametiwa mchanga.

Mtoto alipozaliwa, mama alivaa kitenge kipya, akabeba unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, huyo Kiseke. Shigela akampokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi mke mwenzangu?"

"Mama, hayo macho yako..." Shigela akakuna kichwa. "Huenda yanaambukiza. Mtoto bado mchanga sana. Subiri yapone kwanza, halafu utampakata mpaka uchoke."

Wala hakukasirika, masikini. Alimwona mwanawe ana akili. Nani anataka kumwambukiza malaika wa Mungu? Akaacha unga, akarudi Igogo na nia moja, kuyasafisha macho yake mpaka yawe meupe.

Sasa, wanawake wa majiko wana desturi yao. Kazi ikiisha, mtu anachovya pindo la khanga kwenye maji ya chumvi, anapangusa ndani ya kope mpaka ute wote utoke. Ute ule wanauita uchafu wa moshi. Mama Shigela, aliyekuwa akifanya hivyo jioni tu, akaanza kufanya asubuhi, mchana na jioni. Rafiki yake Selestina, Mjaluo wa Rorya mwenye mdomo usio na breki, akamwambia, "We mama, utayang'oa hayo!" Hakusikia. Kadiri alivyopangusa ndivyo yalivyozidi kuwa mekundu, na yalivyozidi ndivyo alivyopangusa. Akipiga simu Kiseke, swali la Shigela ni lile lile: yamepona? Mtoto akaota meno hamjui bibi yake.

Mwishowe Selestina alimshika mkono, akamburuta mpaka kliniki ya macho mjini. Daktari Nathaniel, kijana mpole, alimtia matone ya rangi, akammulika, akaguna.

"Mama, haya macho unayafanya nini?"

"Nayasafisha, baba. Natoa ute."

"Loo! Pole sana. Ute ndio ulinzi wenyewe." Akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Jicho limepakwa ute mwembamba. Huo ndio unaoyashika machozi yasikauke, na ndio unaonasa vumbi na vijidudu. Tena una kazi nyingine. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Ute huwatuliza askari hao, wasianzishe vita kwa kila punje ya vumbi inayotua. Moshi umeupunguza, nawe ukaumalizia kwa chumvi. Sasa askari hawana wa kuwatuliza, wanapigana mchana kutwa, na wanaoumia ni macho yako mwenyewe. Wekundu huo ni vita hiyo."

"Kwa hiyo nikimshika mtoto simwambukizi?"

"Humwambukizi chochote. Kamshike leo leo."

Weee! Mama Shigela alipiga kigelegele mle mle kliniki, wagonjwa wakageuka. Alipewa matone ya kulainisha macho, akaagizwa akae mbali na moshi na asiguse chumvi tena. Hakupita hata nyumbani, akaenda moja kwa moja Kiseke.

Shigela alitoka, akasimama pale pale mlangoni. Mama akamwaga yote kwa pumzi moja, ute, askari, chumvi. "Hayaambukizi, mwanangu! Daktari kasema mwenyewe!"

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Kwamba hayaambukizi. Nilimuuliza daktari hata kabla mtoto hajazaliwa."

Mama alimtazama asielewe. "Sasa mbona ulinizuia miezi yote hii?"

Shigela akaangalia viatu vyake. "Ni watu, mama. Mama yake Queen anamwambia Queen mambo, na Queen anaogopa. Mtoto akiugua homa tu, watasema nini? Si unajua wanavyosema huku kwetu."

Alijua. Nani Usukumani asiyejua? Bibi mwenye macho mekundu haulizwi amekaa kwenye moshi miaka mingapi. Anaitwa mchawi, na wapo waliokatwa mapanga kwa hilo tu. Wangesema majirani, angewatukana, akala, akalala. Lakini huyu! Huyu aliyebebwa mgongoni kwenye moshi ule ule, aliyesoma kwa macho haya haya! Alimdanganya mamake mzazi, akamwacha ajichubue kwa chumvi miezi yote, na huku anajua. Iliuma, jamani. Iliuma kuliko chumvi.

"Na wewe, Shigela? Unaniona mchawi?"

"Mimi siamini mambo hayo, mama. Haki ya Mungu siamini."

"Basi niletee mtoto."

Ndani mtoto akaanza kulia. Shigela akamtazama mama yake usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akapeleka mkono nyuma, akauvuta mlango ukafungika.