Mafuta ya Jua ya Miss Dorothy

Mafuta ya kujikinga na jua hunukia nazi, lakini nazi ya uongo, ile isiyowahi kukunwa. Nikiyanusa dukani hapa Hyattsville, Marekani, hata leo, roho hunichoma kidogo. Usicheke. Ni wivu, na ninao tangu nikiwa na miaka tisa.

Wakati huo Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja Mzungu huko Rockville, Miss Dorothy, ambaye hakuweza tena kutembea. Baridi ilipokaza, binti yake aliamua kumpeleka akaote jua Phoenix, mji wa jangwani kule Arizona, na Mama aende nao. Mwezi mzima. Mimi nikabaki na Baba na ugali wake wa mabonge.

Kila jioni binti huyo alituma picha kwenye simu ya Baba. Miss Dorothy kwenye bustani ya madungusi yaliyoishinda nyumba yetu kwa urefu. Miss Dorothy asubuhi na mapema, maputo ya kubeba watu yakielea angani. Miss Dorothy kwenye matembezi ya kutwa, mbele ya milima myekundu kama matofali. Na kila mara Mama yupo nyuma ya kiti cha magurudumu, amemwinamia, anamtengenezea kofia.

"Ona mama yako anavyotembea dunia," Baba alisema, na alifurahi kweli. Mimi nilitamani kulia.

Maana sisi tulikaa karibu kabisa na Washington. Watu hutoka pande zote za dunia kuja kuiona, na Mama hakuwahi kunipeleka hata mara moja, hata kwenye makumbusho ya bure. Tutaenda nikipata off, alisema kila mara. Off ikija, analala. Siku moja nilimsikia Baba akizungumza juu ya rafiki yake aliyeacha kupiga simu, akasema lisilokuwepo machoni na moyoni halipo. Nikajua ninayesemwa ni mimi.

Mama aliporudi alinikumbatia, na viganja vyake vilinuka ile nazi ya uongo, ya mafuta aliyokuwa akimpaka Miss Dorothy. Nikamhoji kama polisi. Maputo yalikuwa ya rangi gani? Nyingi tu. Miiba ya madungusi ni mirefu kiasi gani? Mirefu. Na milima je?

"Ni mizuri, mwanangu. Wacha nilale kidogo."

Nikaona ananificha. Yale yote yalikuwa mali yao, yeye na Miss Dorothy wake. Alikuwa ameniletea peremende za matunda ya dungusi, nami nikazila zote kwa hasira, Baba asionje hata moja. Miaka michache baadaye Miss Dorothy alifariki, Mama akamlilia jikoni, nikaonea wivu hata yale machozi.

Mwaka jana, nilipoanza kupata mshahara wa maana, nilimpeleka Mama Phoenix. Nilisema ni zawadi, lakini ukweli ni kwamba nami nilitaka kuwemo kwenye picha. Huko akageuka mwenyeji wangu. Njia laini ni hii, choo chenye mlango mpana kiko kule, hapa kivuli huja baada ya chakula cha mchana. Kila alichonionyesha kilikuwa cha Miss Dorothy, na kijiba cha roho kikaanza upya.

Tukafika kwenye milima myekundu. Mama alisimama, mikono ikining'inia, haina cha kusukuma. Kisha akainua uso, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Kumbe inafika huko juu," akasema.

Nikamuuliza kama si hapa walipokuja.

"Tulikuja. Lakini hapo chini kuna changarawe, na kile kiti kilikuwa na breki mbovu."

Ndipo picha zote ziliponirudia. Katika kila moja, Mama alikuwa ameyapa mgongo yote ya kutazama, macho yako kwenye kiti. Hakunificha kitu. Hakuwa amekiona, naye alichoka mno asiweze hata kutunga uongo wa kumfurahisha mtoto.

Mama akafungua mkoba, akatoa mafuta yale yale.

"Leta mkono."

Mimi, mtu mzima mwenye kazi, mwenye ngozi isiyotishwa na jua lolote. Akanipaka polepole, mpaka kwenye vidole, na ile nazi ya uongo ikapanda puani. Nyuma yetu watalii walikuwa wakingoja tuwapishe wapige picha.

Nikampa na mkono wa pili.