Mkonge wa Herculana

Herculana hakuwahi kupanda mche mbichi. Chipukizi la mkonge wa pombe aliling'oa kwa mtaimbo, akalikata mizizi, akalitupa juani miezi mitatu ili lisinyae.

"Mche ulioshiba maji huoza," alisema. "Ulioteswa ndio hushika ardhi."

Katika bonde zima la Mezquital hakukuwa na mgema mwenye mikonge kama yake, naye alilijua hilo vizuri mno.

Ubaya ni kwamba alimlea mkwewe vivyo hivyo. Fidencia aliolewa pale akiwa na miaka kumi na minane, na mwaka uleule mumewe, Abundio, akavuka mpaka kwenda kaskazini, asirudi. Tangu hapo binti wa watu alikula mwisho, mkate wa mahindi uliobaki, kwa chumvi.

"Mama, maharage yameisha?"

"Yapo. Ya wanaofanya kazi."

"Na mimi tangu alfajiri nafanya nini?"

"Wewe unakaushwa, mwanangu. Utakuja kunishukuru."

Majirani walicheka, aibu yao.

Jambo moja tu Herculana alimficha Fidencia: siku ya kuhasi mkonge. Mkonge hukaa miaka kumi na miwili, kisha majani ya kitovuni hukonda na miiba ya ukingoni hulainika. Ukiuhasi, yaani ukikichokoa kitovu, siku hizo chache, shimo lake litatoa maji matamu ya kugema asubuhi na jioni, miezi kadhaa. Ukichelewa, mlingoti wa maua huchomoza, hunyonya utamu wote, na mmea hufa. Siku ya kuhasi Herculana alimfukuzia Fidencia ndani na kufunga mlango. Mwenye siri ile ndiye mwenye nyumba.

Mwaka huu kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, ulimi nao ukafa. Fidencia alimwogesha, akamketisha kitini mlangoni, mbele ya mkonge mkubwa kuliko yote, ule uliopandwa siku Abundio alipoondoka. Herculana alikuwa ameapa hafi kabla hajaonja maji yake.

Jumanne moja akaona kitovu kimekonda. Aliguna, akagonga kiti kwa mkono mzima mpaka Fidencia akatoka jikoni. Mkwe aliutazama mkonge, akapitisha kidole ukingoni mwa jani changa, palepale panapopaswa.

"Miiba imelainika," alisema. "Nilikuwa nakuchungulia dirishani, mama. Miaka yote."

Herculana alitokwa na machozi ya furaha. Alidhani Fidencia anaingia ndani kuchukua mtaimbo.

Aliingia kupakua maharage. Akatoka nayo, akayala amesimama palepale, mbele ya mkonge, taratibu, sahani mbili.

Mlingoti ulichomoza, ukalipita paa. Kila asubuhi Fidencia aligeuza kiti ili mavyaa auone vizuri, na jua lilipomfikia hakumhamisha.

"Vumilia, mama. Unakaushwa."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Majirani walipita, safari hii wakiangalia chini.

Maua yalipochanua manjano, majani ya mkonge yalikwisha kulala chini, yamenyauka. Fidencia alipanda ngazi, akachuma maua kikapu kizima, akayakaanga kwa mayai kama wafanyavyo wote kule. Akala kwanza yeye, akashiba. Kilichobaki akakileta mlangoni na kijiko.

"Haya, mama. Maua ya mkonge wako."

Herculana aliyajua. Alikuwa na njaa, akafungua kinywa.