Folda Iliyoitwa Local

Kushika kipanya nilimfundisha mimi mwenyewe. Enzi hizo nilikuwa na darasa la kompyuta hapa Kilosa mjini, naye, binti mdogo, akaja kutoka Chanzuru na daftari moja, akakaa kiti cha nyuma. Miaka ikapita, tukajikuta tumeajiriwa na shirika moja dogo linalochora ramani za mipaka ya mashamba na malisho: mimi ofisi ya Kilosa, yeye ofisi ya Mikumi. Kisha ikatangazwa kwamba kompyuta za ofisi zote mbili zitakuwa na msimamizi mmoja. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Bosi wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, kila akirudi kutoka Mikumi alikuwa na wimbo uleule: "Yule binti, mashine zake hazisumbui." Mimi natabasamu, moyoni nawaka. Nilimwonea wivu kwa kila kitu, hata kwa jinsi alivyoniamkia kwenye simu, "Shikamoo mwalimu," kana kwamba ananikumbusha umri wangu.

Kompyuta zetu zinatumia mfumo wa Linux. Programu ya ramani iliyokuja nazo ilikuwa ya zamani, haifungui ramani mpya, kwa hiyo tulitakiwa kupakua msimbo wa toleo jipya na kulijenga wenyewe, yaani kuugeuza msimbo ule kuwa programu inayofunguka. Kabla ya kujenga, unaiambia mashine iliweke wapi. Nikampigia simu, nikijifanya namkagua.

"Ya kwako umeiweka wapi?"

"Kwenye folda ya usr, ndani ya local, mwalimu. Si ndiyo sehemu ya vitu vya kujijengea?"

Local! Huku kwetu hilo ni tusi. Ukivaa suruali iliyopitwa na wakati, wewe local. Ukishangaa lifti Morogoro, local kabisa. Ni kuku peke yake anayesifiwa kwa kuwa wa kienyeji. Mwongozo ulieleza wazi, na niliusoma, kwamba folda ile imetengwa kwa ajili ya vitu unavyojenga mwenyewe, na mfumo hauigusi unapojisasisha. Lakini mimi, mwalimu mzima, kazi yangu ikakae na washamba? Tena nyuma ya mwanafunzi wangu? Nikaiweka yangu kwenye usr yenyewe, katikati ya programu za mfumo, juu ya lile toleo la zamani. Ikafunguka vizuri. Nikamwonyesha bosi, na sikuacha kumtajia kwamba ya Mikumi iko local.

"Ndiyo nini hiyo?" akauliza.

"Ni hivyohivyo tu, mama. Anajitahidi."

Wiki mbili baadaye mfumo ulijisasisha. Lile toleo la zamani lilikuwa limefanyiwa marekebisho madogo, likaandikwa juu ya langu, na kazi yangu ikafutika. Asubuhi hiyo wakulima wa Mvumi na wafugaji majirani zao walikuwa wameshakaa kwenye viti vya plastiki, kila upande ukisubiri kuuona mpaka wake, na programu ikagoma kufungua ramani. Nilihangaika nayo mpaka shati likalowa. Bosi akapiga simu Mikumi.

Yule binti alifika saa saba mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Akaniamkia, akakaa kwenye kiti changu, akatazama kwa dakika moja hivi. Najua aliona nilichokifanya. Akaijenga programu upya, akaiweka local, ramani ikafunguka, na watu wakasogea kuangalia. Walipoondoka, bosi akauliza kosa lilikuwa la nani.

"Ni mfumo tu ulijisasisha, mama," alisema. "Jambo hili linaweza kumpata yeyote. Mimi mwenyewe haya yote nimefundishwa na mwalimu."

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, hata kwa sentensi moja.

"Ni kweli," nikasema. "Ni mfumo."

Usimamizi nikapewa mimi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipongeza. Nilitafuta kijembe katika maneno yake, nikakitafuta tena, sikukipata. Nafasi niliyoililia ilikuwa mkononi mwangu, na siku hiyo ndiyo niliyomwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu yeye aliikosa na hakupungukiwa na kitu.