Siku Renard Alipoomba Kadi

Odessa Pettway alimlea Renard, mtoto wa kaka yake, tangu kaka huyo alipofariki na kumwacha akiwa na meno ya utoto. Wala hakumlea peke yake. Alimlea na Lucille, mwenzi wake wa maisha, kwenye nyumba yao ya Kata ya Tatu kule Houston, chumba kimoja, kitanda kimoja, na mtaa mzima unajua. Lucille ndiye aliyemfundisha mtoto kufunga tai na kukaanga kambare. Hilo halina ubishi.

Sasa Renard kawa mtu mzima wa suti, anagombea udiwani. Na kata ile diwani hapiti, nakwambia hapiti, bila kadi ya Mlango Wazi.

Mlango Wazi ni kundi la Weusi wa pale pale, wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, waliochoka kuombwa kura gizani na kukanwa mchana kweupe. Kila uchaguzi huwaita wagombea saluni kwa Clyde kinyozi, wakawahoji, kisha wakanyoosha mikono. Anayeshinda jina lake linachapwa kwenye kadi, na kadi hiyo mabibi wa mtaa huenda nayo kituoni kupiga kura wameishika pamoja na miwani. Mwenyekiti wao ni Odessa. Sheria yao inasema mwenye ndugu anayegombea hapigi kura, ila anaweza kusimama kumsemea mara moja. Na Odessa akishamsemea mtu, basi, kapita huyo.

Renard alilijua hilo vizuri. Asubuhi ile alipiga simu.

"Shangazi, utanisemea, sivyo?"

"Kwani nani alikusemea ulipovunja dirisha la mchungaji? Piga pasi shati, uje."

Odessa alikuwa anatania, lakini roho haikutulia. Alitaka mtoto ashinde.

Mchana saluni ikajaa. Lucille, ambaye hapendi vikao, alikuwa meza ya nyuma anapakua kambare na saladi ya viazi. Mgombea alikalishwa kwenye kiti cha kunyolea, watu wamemzunguka. Alianza Yolanda Broussard, mama mwenye duka la kufulia nguo. Masikini, alijikwaa kila swali. Swali la zahanati akakiri hajui. Mwisho Clyde akauliza swali lao la miaka yote:

"Katika watu wetu unamjua nani, na ni nani kwako?"

"Namjua Otis, jirani yangu, na mumewe Fitz," alisema Yolanda. "Hatuelewani. Wanasema mbwa wangu hawaachi walale. Na kweli, yule mbwa hana adabu!"

Watu wakacheka. Otis akapiga kelele kutoka nyuma, "Mfunge basi!"

Ikaja zamu ya Renard. Lo, kijana anasema huyo! Kodi za nyumba, polisi, zahanati, yote aliyajibu bila kuvuta pumzi, na Odessa kifua kikamjaa. Lakini mlangoni alisimama mwandishi wa gazeti na kamera yake, na Renard alijua kwamba Jumapili kanisani picha zile zitapita mkono kwa mkono. Clyde akauliza swali lile la mwisho. Renard akaitupia jicho kamera.

"Bi Odessa ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea," alisema. "Na yule pale ni Bi Lucille, rafiki wa familia."

Rafiki wa familia! Jamani, hata fundi bomba ni rafiki wa familia.

Kijiko cha Lucille kikasimama juu ya saladi, kisha kikaendelea kupakua. Hakuinua uso.

"Mwenyekiti," Clyde akasema taratibu, "una neno?"

Renard akamtabasamia shangazi yake. Hakujua alichokifanya, na hicho ndicho kilichomchoma Odessa kuliko yote. Akasimama.

"Jumanne kwenye uchaguzi nitampigia Renard kura," alisema. "Ni mwanangu, na kazi ataiweza. Hiyo kura ni yangu. Lakini kadi si yangu. Kadi ni ya kila mtu hapa aliyewahi kuitwa rafiki wa familia. Nimemaliza."

Akakaa. Mikono ilipohesabiwa, kadi ilikwenda kwa Yolanda, ambaye alishangaa kuliko wote.

Renard alimkimbilia shangazi yake nje kwenye gari.

"Shangazi, lilikuwa neno tu! Kanisani wangenitafuna mzima!"

"Najua, mwanangu. Walinitafuna mimi kabla hujazaliwa. Rudi ndani ukale."

Hakurudi. Aliondoka na suti yake, na Odessa akamtazama mpaka akakata kona.

Wakati wa kurudi nyumbani Lucille alikaa na sinia tupu mapajani. Gari lilipofika mlangoni kwao ndipo aliposema.

"Umemnyima mtoto kadi, Dess."

"Na wewe je? Amekukana wewe, mbele ya watu, chakula chako kiko mikononi mwao."

"Aa, mimi? Mimi nimezoea."

Odessa alizima gari.

"Miaka yote hii, Lu," alisema, machozi yanamtoka, "na mimi ndiye niliyekuzoesha. Nani alimwambia mwalimu wa kwanza wa Renard kwamba wewe ni mpangaji?"